Kikwembe cha Miavuli

Clarisse, binti anayekalia kiti changu tangu mwezi uliopita, ameniomba niandike "kitu kidogo" cha kuwasaidia wenzake wapya. Najua alichokuwa anataka: hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hatua hizo ziko kabatini, rafu ya chini, na panya wamekwisha kusoma nusu yake. Hapa nitaandika yale ambayo hayamo kabatini. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, yana watu wake wa kuyasimulia.

Kwa asiyeijua kazi yetu: nilikuwa muuguzi miaka mingi, kisha nikawa msindikizaji wa wanawake wenye kansa ya titi hapa Kamina. Kusindikiza maana yake ni kwamba tangu siku mama anapogusa uvimbe mpaka siku anapopona, au anapozikwa, kuna mtu mmoja anayejua yuko wapi, anangoja karatasi gani, watoto wake wanalala kwa nani, na leo amekula au hajala. Mtu huyo nilikuwa mimi. Waliniita Mama Leoni, na wengine wakifikiri hilo ndilo jina la kazi.

Nilianza katika wodi ya wanawake nikiwa na blauzi nyeupe niliyoipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe. Siku ya tatu akaletwa mama mmoja kutoka upande wa Mulongo. Alikuwa amesafiri kwa mtumbwi, kisha juu ya lori la samaki, na kifuani alikuwa amefunga majani chini ya nguo. Nilipoyafungua, harufu ikanirudisha nyuma hatua mbili, naye aliona. Halafu, badala ya kunyamaza, nikamuuliza, "Mama, juu ya nini ulikawia hivi?" Akavuta shuka mpaka kidevuni. Alikaa nasi siku tisa na hakunijibu neno tena mpaka alipofariki.

Mkubwa wetu wa wodi alikuwa Papa Numbi, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alinikuta stoo nikilia juu ya magunia ya pamba. Alingoja nimalize, maana hakuwa mtu wa kukatiza kazi ya mwingine.

"Ile swali ulimuuliza, unaona, ile njo fimbo," akasema. "Muntu amepigwa njia yote, anafika kwako, na weye unamalizia."

"Sasa ningemuuliza nini, Papa?"

"Uliza safari. Uliza kama amekula. Habari ya kukawia atakuambia mwenyewe, siku akitaka."

Sijawahi kuuliza swali lile tena. Nilimpenda mzee yule, ingawa alikuwa msumbufu. Alinifundisha kukunja bandeji, kunyamaza, na kuandika mwandiko ambao hata mtu mwenye haraka angeusoma. Zaidi ya yote alinifundisha kujaza karatasi. Mahali penye mistari, alikuwa akisema, pasiachwe wazi; karatasi isiyojaa ni mgonjwa aliyepotea. Likumbukeni neno hilo, kwa sababu mbele kidogo litanitia aibu, na kosa halikuwa lake.

Miaka ikapita, Papa Numbi akaenda kupumzika kwa Mungu wake, mimi nikapewa kachumba nyuma ya kituo cha afya kwa kazi hii ya kusindikiza. Vyombo vyangu havikuwa vingi. Baiskeli. Simu yenye kioo kilichopasuka. Daftari la shule kwa kila mama, nililolifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, bila jina juu yake. Na soksi. Daktari akishachukua kipande kidogo cha uvimbe, hukiweka katika kichupa chenye dawa, nacho lazima kifike Lubumbashi ndipo tujue kama ni kansa. Njia ni mbaya na vichupa huvunjika, lakini kichupa kilichovishwa soksi nene hufika kizima. Mume wangu alimaliza miaka akivaa soksi zisizofanana, akiniuliza ni Lubumbashi gani hiyo inayotaka mguu mmoja tu.

Chombo cha mwisho kilikuwa bukari, ugali wetu. Mnacheka, lakini picha za ukutani hazikumfundisha mtu kujigusa. Mimi nilipika bukari laini, nikatengeneza tonge kubwa, nikaficha karanga moja ndani, kisha nikawapa akina mama waitafute kwa ncha za vidole, polepole, kwa kuzunguka. Walibishana, walicheka, walishindana. Baada ya somo tulikula, kwa hiyo wanafunzi hawakunipungukia.

Ndivyo nilivyompata Mama Verona. Alikuwa mkulima wa mihogo kutoka kijiji cha karibu, mama wa parokia, mwenye rozari shingoni na ulimi ambao hata padri aliuheshimu. Alikuja somoni kwa ajili ya bukari, hilo hakulificha. Akaipata karanga kabla ya wote, akaliweka tonge chini, akaingiza mkono ndani ya blauzi kama mtu anayetafuta leso. Akautoa mkono, akaurudisha palepale. Hiyo peke yake ilinitisha.

"Mama Leoni," akasema, "na huku kuko kalanga."

Akasafiri, akakatwa titi la kushoto, akarudi. Jumapili ya kwanza alikaa mstari wa mbele kanisani, na aliyemtazama kifuani alitazamwa vivyo hivyo mpaka akainamisha macho. Yeye ndiye aliyeanzisha mikutano ya Jumatano katika kachumba kangu. Walikuja waliokatwa, waliokuwa wakingoja karatasi, waliokuwa wakiogopa. Tulichambua mboga, tulisali kidogo, tulisengenya wauguzi. Kikundi hakikuwa na jina, tulisema tu "Jumatano".

Sasa nifike kwa Bijou. Alikuja kutoka Base, kwenye kambi ya wanajeshi, mke wa sajini aliyeitwa na wote Papa Merveille kwa jina la binti yao wa kwanza. Bijou mwenyewe alitoka mbali, upande wa Mbandaka, na Kiswahili chake kilikuwa na Kilingala ndani kama mchele wenye kokoto ndogo. Kambini alikaanga mikate asubuhi, ile ya mviringo ya mafuta, na wanajeshi waliisifu. Uvimbe wake ulikuwa mdogo kama haragi, punje moja ya maharagwe. Soksi ikaenda, jibu likarudi: kansa, lakini ya mapema. Daktari alifurahi, na daktari wetu hakuwa mtu wa kufurahi ovyo. Akampatia nafasi ya oparesheni Lubumbashi, juma la pili baada ya Pasaka. Alituambia wazi kwamba nafasi hiyo ikipotea, nyingine haijulikani ni lini, na haragi halingoji.

"Mama, bwana yangu hajue," Bijou aliniambia siku hiyo. "Nilimuambia Jumatano niko naenda ku sala. Nitamuambia mwenyewe, na kinywa yangu, wakati safari itakaribia. Uniachie."

"Sawa," nikamwambia. Nilisema sawa, na nilimaanisha sawa.

Mwezi wa tatu ukafika, na sikukuu ya wanawake. Nyinyi wa Kamina mnajua gwaride lile: walimu na kikwembe chao, wauzaji wa unga na chao, wake wa wanajeshi, wakunga, kila kikundi na nguo yake moja. Kila mwaka Jumatano walisimama pembeni na kutazama. Nilitaka mji uwaone wakitembea. Niliwapenda wale wanawake, na mapenzi yanapopanda kichwani hayaachi nafasi ya akili. Nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja sokoni, nikachagua kitenge, kikwembe cha kijani chenye miavuli midogo ya manjano. Wakafurahi mno. Bijou alishonesha gauni lenye mikono ya mikunjo, akaongeza kitambaa cha kichwa cha nguo ileile.

Ili kuingia gwaridani ilibidi kujaza karatasi. Jina la kikundi. Idadi. Halafu mstari mrefu: wanakikundi ni akina nani. Nami, mwanafunzi wa Papa Numbi, sikuacha mstari wazi. Niliandika kwa mwandiko ule mzuri, wa kusomwa hata na mtu mwenye haraka: wanawake wagonjwa wa kansa ya titi.

Mtu mwenye haraka alikuwa yule aliyeshika kipaza sauti.

Walikuwa wakipita vizuri, vichwa juu, Mama Verona mbele akitupa miguu kama jenerali. Sauti ikatoka katika spika zote: "Na sasa makofi kwa bamama bagonjwa ba kansere ya mabele!" Wengine walipiga makofi. Wengi hawakupiga. Nilimwona Bijou katika mstari wa pili, nikaona mabega yake yakishuka. Ng'ambo ya barabara walisimama wanajeshi kwa heshima, na kati yao Papa Merveille, ameshika bunduki, haruhusiwi hata kugeuza shingo. Bijou akavua kitambaa cha kichwa, akatoka mstarini, akapotea kati ya watu. Maji yalikuwa yamemwagika, na ndoo nilikuwa nimeishika mimi.

Hapa kwetu kikwembe hakikai bila jina, na mbatizaji ni soko. Siku tatu hazikupita kabla kile cha miavuli hakijaitwa Bele Moja, yaani titi moja. Aliyekivaa alijulikana kutoka mbali. Wawili kati ya wanawake wangu walivificha masandukuni. Mfanyabiashara akazirudisha robota za nguo hiyo zilizobaki nyuma ya duka, kwa kuwa hakuna aliyetaka hata kuzigusa.

Jumatano Bijou hakuja. Nikapanda baiskeli mpaka Base, na wanaoijua njia ile wanajua magoti yangu yalilipa nini. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikabisha, nikasema jina langu, akanijibu kutoka ndani bila kufungua.

"Rudia kwako, Mama Leoni."

"Bijou, nisamehe. Nafasi yako iko palepale. Siku zinakwenda."

"Mikate yangu hainunuliwe tena. Banasema ugonjwa inaingia mu mafuta. Ku robinet nikienda kuchota maji, bengine banaondosha bidon zabo. Papa Merveille hajanisemesha tangu ile siku. Mama, mi nilikuambia nitasema na kinywa yangu. Weye njo ulinivua nguo mbele ya bantu."

Ilikuwa kweli, nikapanda baiskeli nikaondoka. Nilirudi tena juma lililofuata, na lile la baada yake. Mara ya tatu hakunijibu kabisa, ingawa nilisikia mtoto akikohoa na sufuria ikisogezwa. Nilisukuma baiskeli kwa miguu kurudi mjini, nikilia waziwazi, na wapita njia wakadhani nimefiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo tulivyozoea kuwahubiria wagonjwa. Sikuwa nimewahi kujiuliza methali inasema nini juu ya muuguzi anayemuumbua mgonjwa kabla ya kifo kupata nafasi.

Nikaenda shambani kwa Mama Verona, nikamwambia ninaacha kazi. Alikuwa akimenya mihogo. Hakusimamisha kisu.

"Uache, halafu Bijou atapona?"

"Hapana."

"Basi nyamaza kwanza, nifikiri." Akamenya mihogo mitatu mizima. "Weye ulitufunga kengele mu shingo, Mama Leoni. Sawa. Kengele haitoke tena. Lakini kama mbuzi zote za kijiji ziko na kengele, nani atajua ya nani njo inalia?"

Sikumwelewa mara moja. Yeye alikuwa amekwisha kufunga kitambaa chake kichwani na kuanza kutembea. Kwanza alikwenda kwa mfanyabiashara, akamwambia zile robota asimpe mtu. Kisha akawakusanya akina mama wa parokia, akawaomba Pasaka wote wavae miavuli. Nilikuwapo, nimeketi nyuma nikitazama miguu yangu. Kukawa na kelele.

"Mi nivae Bele Moja?" mama mmoja akapiga kelele. "Bantu basiseme na mimi niko nayo?"

"Njo vile," Mama Verona akamjibu. "Baseme. Weye uko na mabele yote mbili, nzima, jina hiyo itakufanya nini? Bijou anaibeba peke yake, na mugongo iko inavunjika. Mubebee wiki moja."

Kisha kiongozi wa kwaya, mwanamke mnene ambaye hakunipenda sana, akasema kwaya ilikuwa bado haijachagua nguo ya Pasaka. Nikajua tumepata mlango.

Mafundi cherehani wa soko walishona kama watu wanaofukuzwa. Jumapili ya Pasaka padri alitoka sakristia, akakuta kanisa limejaa miavuli kutoka kinandani mpaka mlangoni, akasahau alikuwa anataka kusema nini. Kesho yake, Jumatatu, tukapanda lori la kubebea mahindi la muumini mmoja, wanawake tumesimama tumebanana, tukaenda Base tukiimba. Wenye titi moja walikuwamo, wenye mawili walikuwamo, na vumbi lilitupaka wote rangi moja. Mlinzi wa geti akauliza sisi ni kikundi gani. Mama Verona akamjibu kwamba tunataka mikate.

Papa Merveille alikuwa mlangoni kwake, bila shati la kazi, mikono kifuani. Majirani wakatoka. Akatutazama kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho.

"Kati yenu," akasema, "bagonjwa ni bagani?"

"Chagua weye mwenyewe, Papa," Mama Verona akamwambia. "Uko na macho."

Akajaribu. Niliona macho yake yakienda kwa kiongozi wa kwaya, mzima kama ng'ombe, yakirudi kwangu, yakipita juu ya Mama Verona mwenyewe bila kusimama. Hakuweza. Mikono ikaanguka kutoka kifuani, na uso ule wa askari ukabaki uso wa mtu asiyelala vizuri.

"Mi sikukasirika juu ya ugonjwa," akasema polepole, safari hii kwangu. "Mama, bibi yangu iko na ugonjwa ya kufa, na mi nasikia ku micro? Mbele ya bakubwa bangu? Haparleur, spika ya barabara, njo inanifundisha habari ya nyumba yangu?"

"Kosa si la Bijou," nikamwambia. "Alitaka kukuambia mwenyewe. Mimi ndiye nilimnyang'anya maneno. Nimekuja kukuomba msamaha, na yeye, mbele ya watu, kwa kuwa kosa nililifanya mbele ya watu."

Akatazama chini. Kisha akageuza kichwa kuelekea ndani, akaita kwa sauti ambayo sikuitegemea, ya chini kabisa: "Mama Merveille. Kuya hapa. Hapana kuogopa. Bamefika batu bako."

Bijou akatoka. Kikwembe chake alikuwa amekitoa mishono na kufunikia gunia la makaa. Sasa alikuwa amejifunga hichohicho juu ya gauni lake la nyumbani, na kona moja ilikuwa na doa jeusi kubwa kama kiganja. Hakunisalimu. Alipita mbele yangu, akamwangukia Mama Verona, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wa kambi wakaruka juu ya mapaa. Kisha akawasha moto akakaanga mikate. Tuliila yote. Majirani wawili, wale wa bidoni, wakaja nao kusimama mstarini, na hakuna aliyewakumbusha kitu. Mkate wangu aliuleta wa mwisho, katika sahani yake mwenyewe.

"Ni ya moto," akaniambia. "Utaungua, Mama."

Papa Merveille aliomba ruhusa, akatupeleka stesheni mwenyewe, amebeba kifurushi cha mkewe kichwani, jambo ambalo halimo katika kanuni za jeshi. Treni ilikwama njiani mara mbili, kama kawaida yake. Tulifika nafasi ikiwa imebaki siku moja. Alikatwa, akapitishiwa dawa mshipani miezi ile mirefu, nywele zikatoka, zikarudi, zikarudi nzuri kuliko za kwanza, na alijivunia. Miaka miwili akakaanga mikate Base. Halafu jeshi likamhamisha mumewe mbali sana, kaskazini, na Bijou akatuaga Jumatano moja akiwa amevaa miavuli. Lile doa la makaa alikuwa amelisugua kwa sabuni za kila aina, likagoma.

Tangu siku ile, Clarisse, sijaandika karatasi inayotoka nje ya kachumba bila kumsomea kwanza mgonjwa mwenyewe. Na mama mpya akishakueleza safari, akishakula, kabla ya kufungua daftari muulize: nyumbani nani anajua? Andika majina hayo, na usiwe wewe wa kuongeza hata moja. Papa Numbi angenielewa, nadhani, baada ya kunigombeza kwa mstari mtupu.

Kikwembe chenyewe kilikataa kufa. Mfanyabiashara aliagiza kingine, na kingine. Jina la Bele Moja likachoka, kwa kuwa hata wauzaji wa makaa na mke wa mwalimu walikivaa. Wenye shida walianza kuwasimamisha barabarani wanawake wa miavuli na kuuliza kituo kiko wapi, nao wakalazimika kujua. Soko likakibatiza upya: Niulize. Leo ukienda sokoni asubuhi utakuta meza nzima ya samaki imevaa Niulize, na wengi wa akina mama hao hawajaumwa hata jino.

Nimalizie na juma langu la mwisho kazini. Nilikuwa upande wa pili wa pazia nikipanga madaftari ya kumkabidhi Clarisse, na kusema kweli nilikuwa nimenuna, kwa kuwa hakuna mtu aliyekuja kunitafuta siku nzima. Nikasikia sauti ya muuza samaki mmoja, mama wa Mulongo ninayemjua, mzima kabisa na mwenye kelele. Amemleta mgeni aliyeshuka kwenye treni asubuhi hiyo. Hakuniulizia mimi. Alimwambia Clarisse, "Madame, njo huyu," akatoka, akarudi kwa samaki wake.

Kupitia upenyo wa pazia niliona meza tu, na mikono miwili ya mwanamke ikifungua fundo la leso. Ndani kulikuwa na kipande cha nguo kilichokatwa kwa mkasi, kijani, chenye miavuli ya manjano, na kona yake ina doa jeusi.

"Safari ilikuaje, Mama?" Clarisse akauliza. "Ulishakula?"

"Ilikuwa murefu," mwanamke akajibu, kwa Kiswahili chenye kokoto za Kilingala. "Kwetu ku kambi kuko mama moja anapika mikate. Njo alikata hii mu kikwembe yake, akanipa. Alisema: fika Kamina, onyesha muntu wa kwanza utaona amevaa hii. Usiogope, hatakuuliza kitu."

Lile doa nililijua. Kaskazini huko, miaka yote hii, bado anakaanga. Nilitaka kufungua pazia, nimkumbatie yule mgeni, nimuulize kama Bijou amenenepa, Merveille ameolewa, Papa Merveille bado anabeba vifurushi. Nilikuwa nimekwisha kushika kitambaa cha pazia.

"Na nyumbani," Clarisse akasema, taratibu, daftari lake likiwa bado limefungwa, "nani anajua?"

Mwanamke akakunja tena kile kipande cha nguo.

"Paka Bijou peke yake," akasema. "Na sasa weye."

Nikaachilia pazia. Nikachukua mfuko wangu, nikavua viatu visilie sakafuni, nikatokea mlango wa nyuma.